Bomba la Shaba

Mama alisuka mota kwa kuhesabu.
Karakana yetu ilikuwa Oruro, mlango wa bati,
upepo wa nyanda za juu ukiingia na mchanga wake,
naye kitako juu ya gunia, miwani imefungwa kwa uzi,
waya wa shaba ukipita kati ya gumba na kidole cha shahada:
mia na kumi na moja, mia na kumi na mbili.
Ukimsemesha, anaanza upya.
Nilijua kunyamaza kabla sijajua kusoma.

Mota zilitoka migodini zimeungua,
zinanuka vanishi na maji ya chini kwa chini.
Doña Nicolasa, walimwita, huku wamevua kofia,
kana kwamba wameleta mgonjwa.
Aling'oa matumbo meusi kwa koleo,
akayapima kwenye mizani ya viazi,
akairudishia kila mota shaba ya uzito uleule.

Nilimuuliza umeme unakaa wapi.
"Haukai. Ukikaa, si umeme."
Akatoa kwenye kopo la kahawa sumaku ndogo, nyeupe kama jino,
akaiingiza ndani ya koili iliyofungwa kwenye kipimo cha mshale.
Mshale ukaruka, ukarudi kulala.
Tukakaa. Chai ikapoa.
Sumaku ileile, shaba ileile,
karibu kama watu wa kitanda kimoja,
na kati yao hakuna lolote.
Kisha akaichomoa ghafla,
mshale ukarukia upande wa pili.
"Umeona? Shaba haijali nguvu.
Inajali kubadilika.
Uga ukitulia, inasinzia.
Ukija, inashtuka. Ukienda zako, inashtuka vilevile,
ila inaelekea kwingine."

Baba alikuwa akitoka kila alfajiri,
mfuko wa koka mkononi, taa kichwani,
na sisi tulilala tu.

Alhamisi ile ngazi ilikatika.
Waliomleta walisema: futi mia na ishirini,
walisema haraka, hakuumia,
walilisema neno haraka kama zawadi.

Siku tisa Mama hakugusa waya.
Siku ya kumi alikata bomba la shaba, urefu wa mkono wake,
akalisimamisha juu ya meza, akanipa nati ya chuma.
"Dondosha."
Tak! Kabla sijafumba jicho.
Akanipa sumaku.
Nikaiachia, nikasubiri mlio.
Kimya.
Nikachungulia kwa juu: ilikuwa ikishuka
kama mtu anayeteremka ngazi gizani na mtoto mgongoni,
taratibu, bila haraka yoyote ya duniani.

"Shaba haivutwi na sumaku," akasema. "Bandika uone, itaanguka.
Lakini ikipita, uga unabadilika,
ukuta unaamka, mkondo unazunguka pete kwa pete,
na mkondo una tabia moja:
humpinga aliyeuzaa.
Ukija unakuambia usije.
Ukiondoka unakuambia baki."

"Kwa nini hauizuii kabisa?"
"Ikisimama, mkondo unakufa.
Ukifa, nani ataishika?
Unaweza kuichelewesha tu."

Nilikuwa na miaka tisa. Nikauliza
kuta za shimo la mgodi zilikuwa za nini.

Hakujibu. Alichukua sumaku, akaidondosha tena.
Na tena.
Mimi nilihesabu kwa sauti, na safari hii hakunikataza:
moja, mbili, tatu, nne,
tak.

Jumatatu walileta pampu ya mgodi uleule.
Kijana aliyeibeba hakuweza kumtazama usoni.
Mama aliipokea, akafungua boliti, akanusa,
akamtajia bei ya siku zote.
Usiku kucha nilimsikia ng'ambo ya pazia:
mia tatu na sita, mia tatu na saba.
Mara mbili alinyamaza katikati,
na mara mbili akarudi kwenye moja.